Mboga Tunazozichoma Uani

Jumamosi moja, mvua zilipokwisha kuanza, niliwaamuru wanafunzi wangu wasafishe kiwanja cha shule. Tangu utoto nimefundishwa kwamba ua wa mtu mwenye adabu ni ule uliofagiliwa mpaka udongo ukaonekana. Basi waling'oa kila jani. Walipokuwa wakirundika takataka ili zichomwe, akapita mama mmoja mzee, kikapu kichwani. Akalitazama lile rundo, akasema, "Mwalimu, unachoma mboga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alipiga magoti, akachambua lengalenga moja moja hata kikapu kikajaa, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Jioni ile nyumbani kwangu tulikula ugali wa muhogo kwa mboga iliyonunuliwa sokoni.

Naona haya kuyaandika haya, lakini sidhani kwamba ni peke yangu. Lengalenga, ambazo wenzetu wa pwani huziita mchicha, huota zenyewe kando ya jiko, pale tunapomwaga majivu na maganda. Hazidai mbegu wala jembe. Majuma machache baada ya kuchipua zafaa kuchumwa, na ukikata kilele tu, shina litatoa matawi mapya.

Wazungu nao wana jani lao la uani. Katika Kilatini cha zamani liliitwa dens leonis, yaani jino la simba, kwa sababu kingo zake zimechongoka kama meno. Wafaransa wana jina jingine, pissenlit, nalo maana yake ni kukojoa kitandani! Hata hivyo hulichuma wakati baridi inapopungua, kabla halijatoa ua lake la manjano, wakalila bichi. Mizizi yake hukaangwa na kusagwa badala ya kahawa. Katika joto letu la Kasongo sijaliona, ila lina ndugu zake katika Afrika: mchunga, wenye maziwa meupe shinani na uchungu uleule, ambao watu wa pwani huuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, ndipo wakautia nazi. Hata kishonanguo, kinachotung'ang'ania suruali njiani, ni wa ukoo huo, na majani yake machanga huliwa.

Muhogo hushibisha, lakini haujengi mwili wa mtoto. Majani mabichi ya kijani kilichokolea yana madini ya chuma na vitamini A, ambayo ikipungua mtoto haoni vizuri wakati wa magharibi, na surua ikimpata humwumiza zaidi. Yapikwe kwa mafuta ya mawese, kwani mafuta huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo, na mawese mekundu yenyewe yanayo. Lakini mama asidanganyike: majani peke yake hayazuii bwaki, ule ugonjwa wa kuvimba miguu na nywele kugeuka rangi. Atie karanga zilizotwangwa, au maharagwe, au dagaa akizipata.

Lengalenga zisichemshwe hata zikawa uji; dakika chache zatosha. Sombe ni habari nyingine: majani ya muhogo yana sumu, hayana budi kutwangwa na kuchemshwa sana. Tusichume karibu na choo. Tena tusiwatume watoto wadogo peke yao, kwa kuwa penye majalala huota pia mmea wenye ua refu jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba. Huo ni sumu kabisa, na ukiwa mchanga waweza kumdanganya asiyeujua.

Siku nyingine nilimwendea yule mama ili anifundishe. Yeye ni mtu wa Kabambare. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 alikimbilia msituni pamoja na wajukuu, akawalisha majani, mara nyingi bila chumvi. Alinionyesha ya kula na ya kuacha, akiyaponda vidoleni na kuninusisha. Nilipolitaja moja kwa jina la Kilatini, akaniuliza kama Walatini nao walilipika kwa karanga.

Pembe moja ya kiwanja chetu hailimwi tena. Wanafunzi wapya wakiniuliza sababu, nawatuma kwake na kikapu.