Kila Neno na Wazazi Wake: Adabu ya Jamaa wa Kolwezi

Katika kambi za wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Kolwezi, enzi za kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ilikua desturi ya kupokezana neno ambayo waandishi wa Lualaba wa leo wana kila sababu ya kuirithi. Wenyewe waliiita Jamaa. Chimbuko lake ni Ruwe, kando ya mgodi, ambako padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianza kuhudumu mwaka 1953. Waliomzunguka walikuwa wafanyakazi na wake zao, watu walioletwa mjini na kazi, mbali na wazee wa koo zao, na Kiswahili cha Katanga ndicho kilichowaunganisha.

Katika Jamaa, kwa kawaida mtu hakuingia peke yake. Mume na mke waliingia pamoja, nao walipokelewa na mume na mke wengine waliokwisha kuipita njia hiyo. Wenyeji hao waliwafundisha wageni, waliwatembelea nyumbani, walisikiliza mambo ya ndoa yao, kisha wakati ulipofika waliwazaa kiroho. Tangu siku ile wakawa kwao baba na mama. Mafundisho yalikwenda kwa hatua tatu, na mtu hakuambiwa ya mbele kabla hajayaishi ya nyuma. Yaliyofundishwa yalikuwa mambo makubwa: uzima, uzazi, mapendo.

Desturi hiyo ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kila fundisho lilikuwa na ukoo. Aliyesimama kufundisha alijulikana kazaliwa na nani, kwa hiyo wazo halikuweza kujifanya limeota lenyewe kichwani mwake. Pili, kumdhamini mgeni ilikuwa kazi ya muda mrefu. Huwezi kumwita mtu mtoto wako leo, na kesho usijue anakoishi.

Mwandishi anayetaka kujua uzito wa adabu hiyo na amtazame Tempels mwenyewe, kabla hajafika Ruwe. Mwaka 1945 kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, alichokiandika kwa Kiholanzi, kilichapishwa kwa Kifaransa mjini Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, kwa tafsiri ya Antoine Rubbens. Yaliyomo aliyapata kwa Baluba alioishi nao. Lakini waliomfundisha hawaonekani humo kama watu wenye majina na hoja zao. Wanasema wote kwa pamoja, kana kwamba taifa zima lina kinywa kimoja. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, alikosoa vikali mtindo huo wa kuwapa Waafrika wazo moja lisilo na mwenyewe. Naona lawama hiyo ni ya haki. Kuwanukuu watu bila kuwataja ni kuwanyang'anya ubaba na umama wa maneno yao, na ubaba na umama huo ndio ambao Jamaa, miaka michache baada ya kitabu hicho, ilimpa kila mfuasi wake.

Kitabu hichohicho kinatufunza pia adabu ya kusifia kazi ya mwenzako. Mwaka 1949 kilitolewa Paris na Présence Africaine, na Alioune Diop wa Senegal, mwanzilishi wa jarida na nyumba hiyo ya uchapishaji, alikiandikia dibaji ya kukisifu kwa moyo mweupe. Mwaka uliofuata mshairi Aimé Césaire wa Martinique alikishambulia katika insha yake juu ya ukoloni: kinawapa watu heshima ya maneno, alisema, huku ardhi na mishahara yao vikiachwa kama vilivyo. Mwaka 1955 insha hiyo ikatolewa upya, na nyumba iliyoitoa ilikuwa Présence Africaine ileile. Huo ndio uungwana. Anayeandika dibaji anaweka jina lake rehani kwa ajili ya mwenzake, lakini hapati kwa hilo haki ya kumziba mdomo anayepinga.

Kwetu Katanga kuna mifano ya kunukuu kwa heshima. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville, akisema kwa niaba ya waliotumika majumbani mwa wazungu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye utafiti wake wa kwanza alikuwa ameufanya Kolwezi miongoni mwa Jamaa, aliitoa kazi hiyo mwaka 1990 pamoja na Kalundi Mango. Jina la Yav limo katika anwani ya kitabu, na maneno yake ya Kiswahili yamewekwa kama alivyoyaandika. Mwaka 1996 Fabian alifanya vivyo hivyo kwa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyesimulia historia ya Zaire kwa picha: kitabu chenyewe kinatamka wazi kwamba picha na masimulizi ni vya Tshibumba.

Jambo hili linatuhusu sasa kuliko zamani. Tangu 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, na kwa sababu ya kobalti watu wanatoka pande zote za dunia kuja kuandika habari zetu. Mchimbaji mdogo anasimulia maisha yake mchana kutwa, kisha katika maandishi anageuka kuwa "wachimbaji wanasema". Pengine jina linafichwa kwa usalama wake, na hilo ni halali iwapo ameulizwa na akaridhia. Asipoulizwa, amepunjwa. Nasi wenyeji hatuna ruhusa ya kumfanyia mama wa sokoni au mzee wa kambi yale tunayoyalalamikia kwa wageni.

Kwa kijana anayeleta mswada wake wa kwanza, desturi ya Jamaa inatoa mwongozo ulio wazi. Mkubwa na amkaribishe, lakini asiandike sifa kabla ya kusoma hadi mwisho. Amwonyeshe palipolegea wakiwa wawili, amsifu mbele za watu, ampeleke kwa wengine akimtaja kwa jina. Kijana naye aseme bila haya amefunzwa na nani, na neno gani kalitoa wapi. Kutaja waliokuzaa hakukupunguzii kitu, kwa maana atakayejifunza kwako kesho ataiga adabu uliyomwonyesha, na kwa adabu hiyo jina lako nawe litatajwa.