Mvuvi wa Ziwani na Mwanawe Mkubwa

Sisi tukaao Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, tunaye jirani ambaye wengi wetu humpita bila kumtazama. Ni ndege mvuvi, mweusi na mweupe, mwenye kishungi kichwani na mdomo mrefu. Watu wa pwani humwita mdiria. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike anao mmoja tu.

Tumwangalie kwanza kazini. Husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga upesi, kichwa kimetulia. Mara hujitupa majini kama jiwe. Akikosa, hupanda tena na kuanza upya. Mwanafunzi aliyeshindwa hesabu mara moja akaliacha daftari lake, na ajifunze hapo.

Lakini fundisho kubwa limo nyumbani mwake. Mume na mke huchimba pamoja shimo refu katika ukingo wa udongo, na mwisho wake jike hutaga mayai. Makinda wakianguliwa, njaa yao huwachosha wazazi. Ndipo aonekanapo msaidizi: mara nyingi ni mwana wao aliyezaliwa zamani, asiye na mke bado, awaleteaye wadogo zake samaki na kuwalinda.

Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa nchini Kenya katika miaka ya 1970. Kwenye Ziwa Naivasha, ambako samaki hupatikana kwa urahisi, wazazi huwafukuza wageni watakao kuwasaidia. Kwenye Ziwa Victoria, ambako uvuvi ni mgumu zaidi, huwapokea hata wasio wa ukoo wao, na makinda wengi zaidi hupona.

Basi, vijana wapenzi, mwenye kupata mshahara wake wa kwanza asiwasahau wadogo zake waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Wakati wa shida ndio wakati wa kusaidiana.

Nanyi wazazi, msimwelemee mkubwa wenu. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Twauona mwepesi kwa kuwa hauko begani petu. Ndege msaidizi naye aweza baadaye kupata mwenzi na kuchimba shimo lake mwenyewe. Mwana aliyewasomesha ndugu zake, na apewe nafasi ya kujenga nyumba yake. Na wale aliowasomesha, siku wakipata kazi, wakumbuke ni nani aliyewaletea samaki.