Njumu Katika Bakuli la Mvule



Njumu, kwa vijana wetu wa siku hizi, ni viatu vya kuchezea mpira. Mafundi wa pwani walikuwa na neno hilo kwa kazi nyingine: kupachika kitu cha rangi moja ndani ya mti wa rangi nyingine, hata mkono ukipita juu usisikie kiungo. Viti vya enzi vya Lamu vilitiwa njumu za pembe na mifupa. Wakamba nao walipachika nyuzi za shaba katika viti vyao vya miguu mitatu.

Sisi wa Iyolwa, wilayani Tororo, hatuna haja ya pembe. Mvule umekuwa adimu, lakini kipande ambacho seremala wa mlango amekitupa chatosha bakuli. Mkanda mweupe twaweza kuupata katika mti wa kahawa: shina zee likikatwa shambani kwa kawaida huishia jikoni, nalo ni gumu, laini na jeupe.

Bakuli hukerezwa mara mbili. Mara ya kwanza liachwe nene, sehemu moja katika kumi ya upana wake. Bakuli la sentimita 20 liwe na ukuta wa sentimita 2. Kisha likae kivulini miezi kadhaa. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kungoja. Mbao husinyaa kwa kukata nyuzi zake, si kwa urefu wa nyuzi, kwa hiyo bakuli bichi la mviringo hugeuka yai. Mkanda wa kahawa nyuzi zake zinauzunguka ukuta, nao haupungui urefu. Bakuli likisinyaa, mkanda hauna pa kwenda ila kubanuka, na fundi hulaumu gundi bure.

Likikauka, likerezwe tena na lichimbwe mfuo chini ya ukingo, kina cha milimita 2 hivi. Pima sakafu ya mfuo kwa uzi, si ukingo wa bakuli. Pasua ufito mwembamba, uloweke katika maji ya moto, uuzungushie bakuli na kuufunga hapo mpaka ukauke. Ndipo ncha zikatwe mshazari zilaliane, na gundi ipakwe. Cha kubania si lazima kinunuliwe dukani: ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli hushika pande zote sawasawa, na tyubu hazijapata kukosekana huku mpakani, palipozaliwa boda-boda. Ubaki usiku kucha.

Sasa tuseme juu ya vumbi. Wenzetu wa kiwanda cha saruji Tororo hawahitaji kufundishwa jambo hili, lakini vumbi la mbao hudharauliwa kwa sababu linanukia vizuri. La mvule huwasha ngozi na macho, na kwa wengine huleta pumu. Tangu mwaka 1995 wataalamu wa kimataifa wa saratani wameliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mkanda unaongeza hatari hiyo, maana ili ulingane na ukuta lazima upigwe msasa mwingi huku mashine inazunguka, na unga laini kabisa ndio unaoingia ndani. Leso iliyofungwa puani hauzuii. Inatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi na mashine iwekwe penye upepo. Katika karakana ya mwajiri, vifaa vya kujikinga ni wajibu wake: Uganda kwa sheria ya mwaka 2006, Kenya kwa ile ya 2007. Asikuambie ununue mwenyewe.

Liko na la malipo. Mfanyakazi anayelipwa kwa idadi ya mabakuli, akiongezewa kazi ya mkanda kwa bei ile ile, amepunguziwa mshahara, hata kama hakuna aliyetamka neno hilo. Chukua saa, andika muda wa bakuli tupu na wa bakuli lenye mkanda, pamoja na muda wa kupasua fito na kupiga msasa. Bei ziwe mbili, nazo ziandikwe kabla kazi haijaanza.