Kabla ya kuongeza chumba, chimba uone nyumba imesimama juu ya nini

Pita katika mitaa ya zamani ya Kigali, Nyamirambo au Gikondo kwa mfano, uangalie nyumba zilizoongezewa chumba ubavuni au jiko nyuma. Tafuta pale ukuta mpya unapokutana na ule wa zamani. Mara nyingi utakuta ufa umesimama wima, mwembamba chini na mpana juu, umezibwa kwa plasta mwaka huu na kufunguka tena mwaka ujao. Mwenye nyumba atamlaumu fundi, fundi atalaumu saruji. Ukweli ni kwamba ufa ule ulianzia chini ya ardhi, siku msingi ulipochimbwa.

Nyumba yoyote huzama kidogo baada ya kujengwa. Uzito wa kuta na paa huubana udongo, na udongo hujibu kwa kushuka, milimita kadhaa au zaidi kulingana na aina yake. Nyumba yako ya miaka 20 ilishamaliza kushuka zamani. Chumba kipya ndiyo kwanza kinaanza. Ukivifunga pamoja kana kwamba vilizaliwa siku moja, kimoja kitabaki palepale na kingine kitashuka, na palipofungwa ndipo patakapopasuka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni shimo la uchunguzi, hata kabla ya kununua mfuko wa saruji. Chimba karibu na ukuta wa zamani, sentimita 60 kwa 60, ushuke hadi uone mwisho wa msingi. Utajua mambo matatu ambayo huwezi kuyajua ukiwa juu: msingi una kina gani, umejengwa kwa mawe na saruji au kwa mawe na udongo, na chini yake kuna ardhi ya asili au kifusi. Nyumba nyingi za matofali ya udongo, rukarakara, ziliwekwa juu ya mawe yaliyoshikwa kwa udongo mtupu. Msingi wa namna hiyo haupaswi kubebeshwa uzito wowote mpya. Chumba chako kijisimamie chenyewe.

Uliza pia wazee wa kiwanja, au jirani aliyekaa hapo muda mrefu, choo cha shimo cha zamani kilikuwa wapi. Swali hili halimfurahishi mtu, lakini miji yetu imejaa mashimo yaliyofukiwa kwa takataka, majivu na udongo laini, kisha nyasi zikaota juu. Ukiweka kona ya chumba juu ya shimo kama hilo, hakuna kiasi cha nondo kitakachokuokoa. Sogeza chumba. Vivyo hivyo kwa shimo la maji machafu linalotumika sasa, maana litahitaji kufunguliwa na kunyonywa siku moja, nawe utakuwa umelijengea chumba cha kulala juu yake.

Mteremko ndio mtihani

Kwa wenzetu wa Dar es Salaam au Mombasa, kiwanja mara nyingi ni tambarare na shida yao ni mchanga au maji yaliyo karibu. Sehemu za Nairobi zina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa jua, na huko huondolewa wote hadi ardhi ngumu. Kwetu Kigali, na vilevile kwenye vilima vya Kampala na Bujumbura, mtihani ni mteremko.

Chukua chumba cha mita 4 kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita tano. Upande wa chini wa chumba utakuwa sentimita 80 chini ya upande wa juu. Njia iliyozoeleka ni kukata nusu na kufukia nusu: udongo unaotoka juu unatupwa chini, uwanja unaonekana sawa, kila mtu anafurahi. Sasa nusu ya chumba imekaa juu ya ardhi iliyokaa miaka elfu, na nusu nyingine juu ya udongo uliotupwa wiki iliyopita.

Msingi usiishie kamwe kwenye udongo huo uliofukiwa. Mtaro lazima uupite na kushuka hadi ardhi ngumu ya asili, ile ambayo sururu inagoma. Chini ya mtaro pawe tambarare. Mahali ardhi inaposhuka, kata ngazi, usifuate mteremko kama barabara, kwa sababu msingi ulioinama huteleza. Kila ngazi ya juu iipite ile ya chini kwa urefu usiopungua mara mbili ya kimo cha ngazi yenyewe. Kwa ukuta wa chumba cha ghorofa moja, mtaro wa upana wa sentimita 60 unatosha mahali penye ardhi nzuri. Kina kitaamuliwa na ardhi, si na kamba ya fundi.

Karibu na nyumba ya zamani kuna hatari ambayo wengi hawaioni. Ukichimba mtaro mrefu sambamba na ukuta, tena kwa kina kuliko msingi wake, umeuondolea udongo unaouegemea. Mvua moja ya usiku inatosha. Ikibidi kushuka chini ya kina cha zamani, chimba vipande visivyozidi mita moja, jaza kimoja kikauke, ndipo uende kingine. Wala usifungue mitaro mwezi wa Aprili. Juni hadi Agosti ni miezi mikavu, na ndiyo miezi ya msingi.

Kupima pembe hakuhitaji mtaalamu. Kutoka kwenye kona, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande mwingine. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, kona yako imenyooka. Kusawazisha kimo kutoka ndani ya nyumba hadi nje, tumia mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji, uliotolewa hewa yote. Ni wa bei ndogo, na kwa umbali mrefu unapita pima maji ya mkononi kwa uhakika.

Juu ya mawe ya msingi uwekwe mkanda wa zege wenye nondo nne za milimita 12, zimefungwa kwa ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20, kuzunguka chumba chote bila kukatika. Wapo wanaouona kama anasa kwa chumba kimoja. Mimi siuoni hivyo. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Februari 3, 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukavu na upande wa Rusizi, na Septemba 10, 2016 lingine la ukubwa huohuo likapiga Bukoba. Watu walikufa katika yote mawili, na nyumba nyingi zikabomoka. Mkanda huo ndio unaofanya kuta nne zitikisike kama kitu kimoja badala ya kila ukuta kuondoka kivyake.

Je, mkanda mpya ufungwe kwenye nyumba ya zamani? Mafundi wengi hutoboa ukuta wa zamani na kuchomeka nondo, au hung'oa matofali moja baada ya jingine ili kuta zing'atane kama meno. Kwa nyumba ambayo msingi wake huujui vizuri, naona ni kosa. Acha nafasi ya sentimita 2, iliyonyooka kuanzia msingi hadi paa, ijazwe kitu laini kama povu la plastiki, kisha ifunikwe kwa ubao au bati upande mmoja tu. Ufa utakuwepo, ila utakuwa pale ulipouchagua, na hautaonekana.

Sakafu nayo ina hesabu zake

Jiko langu la nyuma lilinifundisha habari ya sakafu kwa kunilipisha mara mbili. Msingi ulikuwa imara, kuta hazikupata hata mstari. Lakini fundi alimwaga kifusi chote kwa siku moja, akakanyagakanyaga kwa miguu, akamwaga zege juu. Baada ya misimu miwili ya mvua kona moja ilikuwa imeshuka upana wa vidole viwili na vigae vinalia ukivikanyaga. Tulivunja yote. Chini ya zege kulikuwa na uwazi ambao mkono uliingia bila shida.

Kifusi hushindiliwa kwa matabaka. Kwanza ondoa udongo wa juu wenye nyasi na mizizi, maana huoza na kuita mchwa. Kisha weka changarawe nyekundu tabaka la sentimita 15, inyunyizie maji ya kuilowesha tu, ishindilie kwa gogo zito hadi gogo linapodunda, ndipo uweke tabaka linalofuata. Kwenye mteremko, ambapo upande wa chini unaweza kuhitaji matabaka matano, usikubali kuharakishwa. Juu ya changarawe panga mawe yaliyosimama, ziba mapengo kwa mawe madogo, na malizia kwa mchanga wa sentimita 5 ili mawe yasitoboe nailoni.

Nailoni nene ndiyo inayozuia unyevu kupanda. Vipande vipishane kwa sentimita 30, na kingo zipandishwe ukutani hadi zikutane na tabaka la kuzuia unyevu lililo juu ya msingi. Usipoziunganisha, maji yatapita palepale katikati, na rangi ya ukuta itabanduka chini kila mwaka. Mabomba yote ya maji na ya choo yalazwe kabla ya hapo. Yanapopita kwenye msingi yawe ndani ya bomba kubwa zaidi, ili ukuta ukishuka usiyavunje.

Sasa zege, ambayo fundi wa Nairobi huiita konkriti na wa Kigali au Bujumbura beto. Kwa sakafu ya unene wa sentimita 10 uwiano wa 1:2:4 unatosha. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa kila mfuko weka ndoo tatu na nusu za lita 20 za mchanga, na ndoo saba za kokoto. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitahitaji mita za ujazo 1.2, yaani karibu mifuko 8. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umeloa yapunguzwe. Hapa ndipo ugomvi na vibarua huanza, kwa kuwa zege yenye maji mengi humwagika kirahisi na wanaipenda. Zege hiyo hiyo hubaki dhaifu na kutoa vumbi maisha yake yote.

Mifuko inayovuka mipaka yetu kutoka Uganda au Tanzania isikutie wasiwasi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha saruji, EAS 18, kinafanya namba iliyochapwa mfukoni iwe na maana ileile Kampala na Dar es Salaam. Mfuko wa 32.5 unafaa kujengea na kupiga plasta. Kwa mkanda na sakafu chukua 42.5. Angalia zaidi tarehe ya kutengenezwa, na kama kuna mabonge magumu ndani.

Zege ikishamwagwa, ifunike kwa magunia na uyaloweshe kwa siku saba. Si kukauka kunakoifanya zege iwe ngumu, bali maji yaliyomo kuungana na saruji. Jua la Julai likiyanyonya mapema, umepoteza nguvu uliyoilipia.

Kabla ya kumwaga, pima kimo mara mbili. Watu huweka zege sawa na sakafu ya chumba cha zamani, kisha wanakumbuka lipu ya sentimita 4 na kigae cha sentimita 1. Mlangoni panakuwa na kijingazi kinachomkwaa bibi kila usiku. Uso wa zege mpya ukae sentimita 5 chini ya vigae vya zamani.

Maji ya paa jipya yakingwe kwa mfereji na kupelekwa mbali. Tanki la lita 5,000 likijaa lina tani 5 za maji, kwa hiyo lisiwekwe juu ya udongo uliofukiwa kando ya msingi. Kibali cha ujenzi kitafutwe mapema. Kuvunjiwa chumba chenye msingi mzuri kunauma zaidi.

Mlango wa kuunganisha vyumba viwili ukatwe mwisho kabisa. Ukuta wa zamani ukiwa mzima unaishika nyumba wakati mitaro iko wazi, na familia inaendelea kulala bila vumbi. Ukiweza, acha mvua za Septemba hadi Desemba zipite, chumba kimalize sehemu kubwa ya kushuka kwake, ndipo ukate mlango na kuweka vigae. Kizingitini, pale vigae vipya vinapokutana na vya zamani, usijaze saruji. Weka mpira wa silikoni.