Duka Kubwa Lasemekana Laja Mjini

Katika mji wetu huu wa pwani ya Kenya hakuna mazungumzo siku hizi ila ya supamaketi. Kiwanja kilichokaa kitupu kwa miaka kando ya barabara kuu kimezungushwa mabati, wakaonekana watu wawili watatu wakipima ardhi, na tangu siku hiyo kila baraza ina khabari yake. Hawa wasema ni Naivas, wale waapa kuwa ni Carrefour, na vijana wa bodaboda wajua hata idadi ya wafanyakazi watakaoandikwa, ijapokuwa hakuna hata mmoja wao aliyeiona karatasi. Jina la mji sina haja ya kulitaja, kwani khabari yenyewe haijathibiti, na miji inayongojea duka la namna hii ni mingi.

Furaha hii ya watu haifai kuchekwa. Mama mwenye watoto watano, ambaye kila mwisho wa mwezi hupanda matatu mpaka Mombasa kufuata mafuta ya kupikia na sabuni kwa bei nafuu, kisha nauli ikaila ile nafuu yote, ana haki ya kufurahi. Kijana aliyemaliza shule akakaa miaka mitatu bila ya kazi ana haki ya kutumaini. Tena tuseme kweli, maduka yetu wenyewe yana aibu zake. Yuko anayeuweka mzani juu mahali ambapo mnunuzi hauoni vyema. Yuko anayeuza maziwa yaliyopita tarehe. Na kila ukiandama mwezi wa Ramadhani, sukari na tende hupanda bei usiku kucha kana kwamba nazo zimeuona mwezi. Katika duka kubwa bei imeandikwa, tarehe imeandikwa, na mtu hupewa risiti. Sura ya 83 ya Qur'ani yaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, wala haikumtoa katika onyo hilo mwenye duka la mtaani kwa kuwa ni jirani yetu.

Lakini mtu akipokea mgeni yafaa aijue nasaba yake. Duka ambalo mnunuzi huingia mwenyewe akachukua atakacho lilipata sifa huko Marekani mwaka 1916, katika mji wa Memphis, Clarence Saunders alipofungua duka lake aliloliita Piggly Wiggly. Zamani hizo desturi ya huko ilikuwa kama ya maduka yetu mengi hata leo: mwenye duka yu nyuma ya kaunta, mnunuzi hutaja haja yake, naye huteremshiwa na kupimiwa. Saunders aliwaondolea watu kaunta, wakatembea katikati ya rafu na kikapu mkononi, na yeye akapunguza watumishi na bei. Mwaka 1937 mwenye maduka mwingine, Sylvan Goldman wa Oklahoma, aliona kuwa kikapu kikisha kuwa kizito mnunuzi huacha kununua, basi akabuni kigari cha kusukuma. Mwanzoni watu walikikataa, ndipo akawaajiri watu wajifanye wanunuzi, wakizunguka dukani na kuvisukuma vigari vile mpaka wengine wakaiga.

Nimeieleza hadithi hii ya kigari kwa sababu moja. Kila kitu katika nyumba ile kimewekwa kwa hisabu. Mkate na maziwa, ambavyo ndivyo vinavyomleta mtu, mara nyingi huwa ndani kabisa ili avipite vingine vyote, na peremende huwa karibu na keshia, kwa kimo cha jicho la mtoto. Hakuna dhambi katika hayo, ni biashara. Lakini anayekwenda asiye na orodha mkononi atatoka na kigari kilichojaa na mfuko ulio mtupu, na nyumbani akakumbuka kwamba chumvi, aliyoifuata, hakuinunua.

Sasa turejee kwetu. Uchumi iliundwa na Serikali ya Kenya mwaka 1975, na katika makusudio yake yalikuwamo kuwafikishia wananchi bidhaa kwa bei ya haki na kuwapatia soko watengenezaji wa humu nchini. Mwaka 2006 ilifunga milango kwa madeni, ikafunguliwa tena kwa msaada wa Serikali, na mwaka 2015 ikayafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt, ambayo jina lake latokana na magodoro ya Nakuru, ilikua mpaka ikavuka mipaka ya Uganda, Rwanda na Tanzania. Mwaka 2017 watu wakaingia katika maduka yake na kuzikuta rafu tupu. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, madeni yake yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na mwaka 2020 wadai wake wakakubaliana ivunjwe. Mwaka huo huo wa 2020 ilikuwa zamu ya Tuskys. Nayo ilikuwa na matawi zaidi ya 60, na haikupita miaka miwili karibu yote yakawa yamefungwa.

Mtu atauliza: duka linalouza kwa fedha taslimu kutwa nzima, na mbele ya keshia kuna safu ya watu, huanguka vipi kwa madeni? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, nami namwomba msomaji anivumilie.

Supamaketi haimkopeshi mnunuzi. Ukipungukiwa na shilingi tano mbele ya keshia, utarudisha kitu rafuni. Lakini bidhaa zile nyingi hazikulipiwa bado. Zimechukuliwa mali kauli, kwa ahadi kwamba mwenyewe atalipwa baada ya siku 30, au 60, au 90. Unga unauzwa leo, fedha zinaingia leo, na mwenye kinu atangoja. Katika siku hizo za kungoja, fedha zile zimo mikononi mwa duka. Mwenye busara na uaminifu huzitunza mpaka siku ya malipo ifike. Mwenye haraka huzitoa akafungulia tawi jingine, kwa tumaini kwamba mauzo ya tawi jipya yatalipa deni la tawi la zamani. Na tawi jipya nalo lina mali kauli yake. Siku mauzo yanapopungua, wanaoleta bidhaa husita kuleta, rafu huwa tupu, wanunuzi hukimbia, na jengo zima huporomoka. Sisemi kuwa ndiyo sababu peke yake iliyoyaangusha maduka yale, kwani palikuwa na uendeshaji mbaya na, kwingine, ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Lakini waliolia sana walikuwa wale waliotoa mali yao wakabaki na karatasi.

Sasa litazame duka la mtaani. Mwendo wa deni ni kinyume. Hapo mwenye duka ndiye anayekopesha, na maskini ndiye anayekopa. Robo ya sukari, kibaba cha unga, mafuta ya kupima, huandikwa katika daftari mpaka mwisho wa mwezi au mpaka mvuvi arudi baharini. Tukubali kuwa kitu kinachonunuliwa kidogo kidogo hutoka ghali kuliko kinachonunuliwa kwa mkupuo, na kwamba mwenye duka hakosi faida yake. Lakini usiku mtoto anapokuwa na homa na nyumbani hakuna hata senti, mlango unaobishwa ni wa duka lile.

Nilikwenda kwa mmoja wao, mtu mzima ambaye baba yake pia alikuwa na duka mahali pale pale, nikamwuliza kama aiogopa supamaketi. Akacheka.

"Maalim," akasema, "mimi siogopi mteja kuniacha. Akiniacha moja kwa moja nitajua, nitapunguza mzigo. Ninachoogopa ni kuachwa nusu. Watakwenda kule na pesa taslimu, na watarudi kwangu na daftari."

Nikamwuliza daftari lake lina kiasi gani. Akalifunua, akaligeuza kurasa, kisha akalifunga asinitajie. "Muuzaji wa jumla naye ananidai, shekhe wangu," akasema. "Yeye hana daftari. Ana simu."

Kwa rai yangu mtu huyu amesema jambo ambalo halikusemwa katika baraza zote za mji, na hesabu yake ni rahisi. Chukua nyumba inayotumia shilingi elfu kumi dukani kwa mwezi, saba kwa taslimu na tatu kwa mkopo. Zile saba ndizo zinazomwezesha mwenye duka kuzingoja zile tatu. Zikihamia kando ya barabara kuu, atazingojaje? Hatafunga duka siku ya kwanza. Kwanza atakataa kumwandikia yatima na mjane, kwa sababu hao ndio wasio na mshahara wa kutegemewa. Kisha atawakataa wengine. Wenye fedha watakuwa wamepata nafuu ya shilingi kumi katika pakiti ya unga, na hawatajua ni nani aliyeilipa nafuu ile.

Kwa hiyo nawaambia wenye nyumba: hamkukatazwa kwenda. Mwenye kiasi cha kununua gunia la mchele kwa bei nafuu na akanunue, kwani kupoteza mali pia si ucha Mungu. Lakini kabla hujapeleka fedha zako huko, lipa daftari. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kulishuhudia, na aya mbili kabla yake ni ile inayoagiza kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki. Muda huo ni wa mwenye dhiki. Mtu anayesukuma kigari kilichojaa na huku jina lake li wazi katika daftari la jirani hawezi kuuomba. Na zaidi ya kulipa, bakisheni sehemu ya ununuzi wenu wa taslimu pale mtaani, ile ya kila siku, ili duka lipate pumzi.

Kuhusu mambo ya halali sitasema mengi, maana kila nyumba yajua wajibu wake: soma maandishi ya pakiti, uliza nyama imechinjwa na nani, na ikiwa kuna pembe ya pombe usimtume mtoto peke yake. Wazee wanaotaka kwenda kuwasemesha wenye duka juu ya pembe hiyo wanafanya vyema, lakini waende na jambo la pili pia mkononi.

Jambo lenyewe ni la wale watakaopeleka mali zao pale. Wavuvi wetu, wakulima wetu wa maembe na mihogo, akina mama wanaotengeneza mabuyu, kashata na achari, wote wameanza kuota kuona vitu vyao katika rafu. Ni ndoto njema. Sheria nayo haikulala, kwani mwaka 2019 sheria ya ushindani ilirekebishwa ili mnunuzi mkubwa asimwonee anayemletea bidhaa, na Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kuwatumilia nguvu hizo wauzaji wawili. Hata hivyo mwenye kiwanda aweza kuajiri wakili. Mwenye sufuria mbili hawezi. Basi wazee waulize, mbele ya watu, mtu wa hapa atalipwa baada ya siku ngapi, na jibu liandikwe na kutiwa sahihi.

Mama wa mwanafunzi wangu mmoja ni mtengenezaji wa achari ya ndimu na ya embe, nayo yajulikana mtaa mzima. Alikuja madrasa kumchukua mtoto, akaniuliza: "Maalim, wakifungua, nipeleke?"

Nikamwambia: "Peleka, mama. Lakini wauzie kiasi ambacho, kikichelewa kulipwa, hakitawalaza watoto na njaa. Kila ukipeleka, chukua karatasi iliyopigwa muhuri, na uiweke."

"Na wakisema watanilipa baada ya siku tisini?"

Tukakaa juu ya mkeka tukapiga hesabu kwa chaki katika ubao wa watoto. Yeye hutengeneza chupa 40 kwa wiki, na siku 90 ni kama wiki 13. Ikatoka chupa 520, pamoja na ndimu zake, chumvi yake, pilipili yake, makaa yake na chupa zenyewe, zote zimetoka nyumbani kwake na hata shilingi moja haijarudi. Akaitazama ile hesabu kwa muda, akaifuta kwa ncha ya leso yake.

"Basi nitaanza na kumi," akasema. "Zile thalathini zitabaki kwa majirani."