Kiwanja cha ufukweni: pima mita 60 kwanza

Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay imelisogeza Ziwa Nyasa karibu, na viwanja vya ufukweni vinavutia. Kabla hujatoa akiba ya ada za watoto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Sababu ipo. Mto unaotoa maji ziwani ni mmoja tu, Shire, kule Malawi. Mvua zikizidi miaka mfululizo, ziwa hupanda.

Nyumba ikibomoka au ikibomolewa, hasara ni ya familia. Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi, kisha pitia ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla ya kulipa. Watoto watatembea kidogo kwenda kuogelea, lakini watalala pakavu.