Baada ya Kimbunga: Makanisa na Kazi Ndefu ya Kuwarudisha Watu Nyumbani

Kimbunga Katrina, kilichoipiga pwani ya Ghuba ya Meksiko nchini Marekani tarehe 29 Agosti 2005, ni miongoni mwa maafa yaliyoleta hasara kubwa zaidi katika historia ya nchi hiyo, kwani mali iliyoharibika ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola bilioni 125, na katika jiji la New Orleans peke yake nyumba zipatazo 134,000, yaani takriban asilimia 70 ya nyumba zote zilizokuwa na wakazi, ziliathirika. Dunia nzima iliwaona kwenye televisheni watu waliokwama juu ya mapaa wakisubiri kuokolewa, lakini kazi iliyofuata, ya kuzirudisha nyumba hizo moja baada ya nyingine kuwa makazi ya binadamu, ilichukua miaka mingi na haikutazamwa na wengi. Kwa wazee, wajane na familia za kipato cha chini, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na waumini wa makanisa mbalimbali waliotoka majimbo ya mbali, wakajilipia nauli, wakatumia likizo zao na kulala chini kwenye kumbi za makanisa ili wapate kupigilia misumari katika nyumba za watu wasiowafahamu. Huruma ndiyo iliyowaleta waumini hao, lakini kilichoifanya huruma hiyo izae nyumba ni utaratibu: walikubali kupangwa, kuongozwa na wenyeji, na kuendelea kuja miaka kadhaa baada ya kamera kuondoka.

Maji, upepo na mkataba wa bima

Kimbunga ni dhoruba kubwa inayozaliwa juu ya bahari yenye joto, ambamo pepo kali huzunguka kitovu kimoja kinachoitwa jicho, na wakazi wa pwani ya Tanzania walionjeshwa dhoruba ya namna hiyo mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia. Katrina iliharibu nyumba kwa njia tatu zinazopaswa kutofautishwa. Ya kwanza ni upepo, ulioezua mapaa na kuangusha miti juu ya nyumba. Ya pili ni wimbi la dhoruba, yaani maji ya bahari yanayosukumwa na upepo hadi nchi kavu, ambayo katika pwani ya jimbo la Mississippi yalipanda kufikia kimo cha takriban mita 8.5 na kuzifagia nyumba nyingi za miji kama Pass Christian na Waveland hadi ikabaki sakafu tupu ya zege. Ya tatu ni mafuriko ya New Orleans, ambako kuta na matuta ya kuzuia maji yalibomoka katika sehemu zaidi ya 50, mengine kwa sababu ya makosa ya usanifu na ujenzi, na takriban asilimia 80 ya jiji ikakaa ndani ya maji kwa wiki kadhaa.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa mfukoni mwa mwenye nyumba, kwa kuwa bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hulipia uharibifu wa upepo lakini hailipii mafuriko, ambayo yana bima yake ya pekee iliyoanzishwa na serikali kuu mwaka 1968, na familia nyingi hazikuwa nayo. Wakala wa serikali kuu unaoshughulikia maafa, unaofahamika kwa kifupi kama FEMA, uliweza kutoa ruzuku isiyozidi dola 26,200 kwa kaya moja, kiasi kisichotosha kujenga nyumba. Jimbo la Louisiana nalo lilianzisha mpango wa fidia ulioitwa Road Home, ambao ulikokotoa malipo kwa kulinganisha bei ya nyumba kabla ya maafa na gharama ya kuitengeneza, kisha ukachukua kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kuwa nyumba za mitaa ya Wamarekani weusi, kama vile Lower Ninth Ward, zilithaminiwa kwa bei ya chini ingawa mbao na misumari huuzwa bei ileile kwa kila mtu, wakazi wa mitaa hiyo walibaki na pengo kubwa zaidi, na malalamiko yao yalifika mahakamani kabla ya kumalizwa kwa makubaliano mwaka 2011.

Kulikuwa pia na tatizo la hati. Nyumba nyingi zilikuwa zimerithishwa kutoka kwa babu hadi mjukuu bila mirathi kufunguliwa mahakamani, na mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba na kuilipia kodi miaka yote alijikuta hawezi kuthibitisha kwa karatasi kwamba ni yake, hivyo akanyimwa msaada wa serikali. Waliobahatika kupata fedha waliweza kuangukia mikononi mwa makandarasi matapeli waliochukua malipo ya awali na kutoweka. Hawa wote, wasio na bima, wenye ruzuku pungufu, wasio na hati na waliotapeliwa, ndio ambao makanisa yaliwalenga.

Makanisa yaliyokuwa na uzoefu

Makanisa hayakuanza kazi hiyo mwaka 2005. Shirika la Mennonite Disaster Service lilianzia mwaka 1950 katika mji wa Hesston, jimbo la Kansas, ambako vijana wa Kimennonite waliamua kujipanga kusaidia majirani wakati wa maafa. Wamennonite ni Wakristo wanaokataa kushika silaha kwa sababu ya imani, na wengi wao wakati wa Vita Kuu ya Pili walitumwa kufanya kazi za kiraia badala ya kwenda jeshini, kwa hiyo baada ya vita walitafuta namna ya kuendelea kuitumikia jamii wakati wa amani. Wasomaji wa kanda ya Ziwa Viktoria wanalijua kanisa hilo, kwani wamisionari wake walifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, na Kanisa la Mennonite Tanzania limekuwapo tangu hapo.

Makanisa mengine yalijenga ujuzi wa aina nyingine. Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walianza huduma yao ya maafa mwaka 1967, baada ya kimbunga Beulah kuipiga Texas, na wakawa mabingwa wa kupika kwa umati wakitumia jiko kubwa linalovutwa na lori, huku Shirika la Msalaba Mwekundu likisambaza chakula hicho. Waadventista walibobea katika kuendesha maghala ya misaada, Kanisa la Brethren likaongeza huduma ya kulea watoto wakati wazazi wao wakijaza fomu, na Wamethodisti, wenye kamati ya misaada iliyoundwa mwaka 1940, wakajikita katika kufuatilia mahitaji ya kila familia. Mgawanyo huu wa kazi ulitokana na funzo chungu la kimbunga Camille cha mwaka 1969, ambapo mashirika yalifika Mississippi bila kuwasiliana, mengine yakirudia kazi moja mahali pamoja huku mitaa mingine ikisahauliwa. Mwaka uliofuata mashirika saba yaliunda baraza la kitaifa la kuratibu mashirika ya kujitolea wakati wa maafa, na baraza hilo lingalipo.

Kazi ya kuivua nyumba

Kazi ya kwanza mara tu maji yalipopungua ilikuwa kuivua nyumba, yaani kuondoa kila kilicholowa hadi ibaki mifupa ya mbao. Nyumba nyingi za Marekani hujengwa kwa fremu ya mbao iliyozibwa kwa mbao nyembamba za jasi, ambazo mafundi wa Afrika Mashariki huziita jipsamu, na katikati yake hujazwa sufi ya kuzuia joto na baridi. Vyote viwili hunyonya maji kama sponji na kuzalisha kuvu linaloshambulia mapafu. Kundi la watu kumi hivi, wakiwa na buti, glavu na barakoa, liliingia na mitaimbo, makoleo na matoroli, likatoa kwanza samani zilizovimba, kisha friji, ambayo ilizungushiwa utepe wa gundi na kutolewa bila kufunguliwa kwa sababu chakula kilikuwa kimeoza ndani kwa wiki nyingi. Baada ya hapo zilibomolewa kuta za jasi, zikang'olewa sakafu, na misumari yote iliyobaki kwenye fremu ikachomolewa mmoja mmoja. Mbao zilisuguliwa na kunyunyiziwa dawa ya kuua kuvu, kisha zikaachwa zikauke hadi kipimo kionyeshe unyevu wa chini ya asilimia 15 hivi, maana ukuta mpya ukifungwa juu ya mbao mbichi, kuvu hurudi.

Kazi hii haikuhitaji ufundi mkubwa, lakini ilihitaji adabu. Vitu vilivyotupwa kando ya barabara vilikuwa picha za harusi, Biblia za familia, vyeti vya shule na nguo za marehemu, na viongozi wa vikundi waliwafundisha wageni kutotupa chochote cha namna hiyo kabla ya kumwonyesha mwenyewe, na kusimamisha kazi ili wamsikilize kila anapotaka kuzungumza.

Meza ya mahitaji

Kujenga upya ni jambo jingine, na hapa ndipo utaratibu ulipoonyesha thamani yake. Katika kila wilaya iliyoathirika huundwa kamati ya ufufuaji wa muda mrefu, inayowakutanisha viongozi wa makanisa, mashirika na wakazi wa eneo hilo. Mfuatiliaji wa kesi, yaani mtu aliyefundishwa kuisindikiza familia hatua kwa hatua, hukusanya barua za bima, kumbukumbu za ruzuku, makadirio ya fundi na hali ya hati, kisha huhesabu pengo lililobaki. Baada ya Katrina, kamati ya Wamethodisti iliongoza muungano wa mashirika yaliyofanya kazi hiyo kwa dola milioni 66 zilizotokana na michango ya nchi za nje.

Kesi iliyokamilika hupelekwa mbele ya wawakilishi waliokaa kuzunguka meza moja, na kila mmoja husema anachoweza kutoa: kanisa moja huahidi fedha za mabati na mbao, jingine hutoa vifaa vya choo na jiko kutoka ghalani, na Wamennonite au Brethren huleta mikono ya kazi. Kwa kuwa malipo ya mafundi ni sehemu kubwa ya gharama ya ujenzi nchini Marekani, kazi ya bure huifanya ruzuku iliyoonekana ndogo ifikie kumaliza nyumba, na hiyo ndiyo hesabu inayoufanya mpango mzima uwezekane.

Wajitoleaji hufika mwishoni mwa wiki, hufanya kazi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na kuwapisha wengine, lakini wasimamizi wa eneo la ujenzi hukaa miezi kadhaa ili ujuzi usiondoke na basi la kila Jumamosi. Umeme na mabomba husimamiwa na mafundi wenye leseni, wakaguzi wa serikali hupita kila hatua, na paa hufungwa kwenye kuta kwa vibanio vya chuma ili upepo usiliezue tena, huku nyumba za maeneo ya mabonde zikiinuliwa juu ya nguzo. Kila anayefika huandika jina na saa zake kwenye daftari, kwani kanuni za serikali kuu huruhusu saa za kujitolea zihesabiwe kuwa sehemu ya mchango ambao mji au jimbo hudaiwa ili lipate fedha za maafa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikuja na jembe lao tangu siku ya kwanza, na wakaliacha daftari liseme wamelima kiasi gani.

Mipaka ya wema

Kazi hiyo ina mipaka inayopaswa kusemwa waziwazi. Wema usiopangwa huumiza, na maafa mengi yameshuhudia marundo ya nguo kuukuu yakiozea barabarani na watu wasiotarajiwa wakihitaji kulishwa kwa chakula cha waathirika. Msaada ukifungamanishwa na mahubiri humgeuza mwenye shida kuwa mateka, ndiyo maana mashirika yaliyokubaliana kufanya kazi pamoja yamejiwekea kanuni ya kutomhubiria mtu kama sharti la kumsaidia na kutobagua kwa dini, rangi wala hali. Aidha, mpango wa kujenga nyumba humfaa aliye na nyumba, hivyo wapangaji, ambao walikuwa karibu nusu ya wakazi wa New Orleans, hawakufaidika nao kwa kiwango hicho, na wengi hawakurudi kamwe.

Zaidi ya yote, kanisa haliwezi kuziba nafasi ya serikali. Hakuna waumini wanaoweza kujenga upya kuta za kuzuia bahari, wala kurekebisha kanuni ya fidia inayomlipa maskini pungufu kwa sababu ya mtaa anaoishi. Nyumba zilizojengwa na wajitoleaji ni ushahidi wa upendo, lakini pia ni orodha ya watu ambao mifumo ya umma iliwaacha, na jamii inayowapongeza wajitoleaji ina wajibu wa kuisoma orodha hiyo na kuchukua hatua.

Hata hivyo, kwa familia iliyokaa miaka mitatu katika trela finyu ikisubiri, mjadala huo haukuweza kuwa paa. Kilichoifaa ni kamati ya wenyeji iliyolijua jina lake, mfuatiliaji aliyelishika faili lake bila kuchoka, na watu waliokuja mwaka wa tatu na wa tano kwa idadi ya kutosha kuimaliza kazi. Kanisa lolote, msikiti wowote au kikundi chochote cha wananchi kinachotaka kusaidia baada ya maafa kinaweza kuanza na uamuzi huo: kuweka akiba ya fedha, ya mafundi na ya subira kwa ajili ya miaka ambayo michango ya haraka itakuwa imekwisha, kwa sababu hapo ndipo mwenye nyumba huwa amebaki peke yake.